Mabega Yaliyobeba Vita vya Tabora

Katika masomo ya historia tulizoea kufundisha kwamba Jenerali Tombeur aliwanyang'anya Wajerumani mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Hata cheo cha ubaroni alichopewa baadaye kiliubeba mji huo: Tombeur de Tabora. Sifa yake hatumnyimi, kwani ndiye aliyeongoza vita. Lakini kutoka Kivu hadi Tabora amri yake ilikwenda kwa miguu ya wengine.

Kanali Molitor alipitia Rwanda. Olsen alitokea Kigoma, akafuata reli. Wote wawili walitegemea wapagazi. Masanduku ya risasi, magunia ya chakula, hata vipande vya mizinga, vilipita vichwani na mabegani mwa watu. Na mpagazi naye hula: kadiri askari walivyosonga mbele, ndivyo mzigo ulivyoliwa njiani, na watu wengine wakatafutwa nyuma, mara nyingi kwa nguvu. Maelfu walikufa kwa kuhara, baridi na uchovu. Wapagazi wasipofika, bunduki hunyamaza.

Uzito wa mizigo ulipimwa kwa kilo. Majina ya waliobeba, mengi hayakuandikwa popote.