THE SIMS NA CHUO KIKUU: Kwa nini watu wanalipia saa nzima kumwangalia mtu anasoma kitabu?

Juzi nimekaa zangu kafe, dogo mmoja wa mashine ya jirani kaniangalia weee, mwisho uzalendo ukamshinda. Akaniuliza, "Kaka, yaani umelipia saa nzima umwangalie mtu anasoma kitabu?" Nikacheka, lakini swali lake likanikaa kichwani mpaka nyumbani. Ni kweli, kwenye skrini yangu kulikuwa na binti amelala chali kitandani anasoma, na mimi nimetoa macho kama naangalia fainali. Basi leo nawaletea habari kamili ya hizi nyongeza za chuo kikuu za The Sims, maana kuna wengi wanazisikia tu.

Kwanza kwa wasiolijua gemu lenyewe. The Sims lilitoka Februari 2000, limetengenezwa na kampuni ya Maxis iliyo chini ya EA, na aliyelibuni anaitwa Will Wright. Humo hakuna adui wala goli. Unapewa mtu, anaitwa Sim, unamjengea nyumba, unampikia, unampeleka kazini, akibanwa haja umuwahishe chooni la sivyo anajikojolea mbele za watu. Lugha wanayoongea si Kiingereza wala nini, ni maneno ya kubuni yanayoitwa Simlish, ndiyo maana hata yule ambaye Kiingereza kinampiga chenga anaenda nalo vizuri tu. Gemu la kwanza lilipata nyongeza 7, lakini ya chuo haikuwemo. Na isingekuwa na maana sana, maana mle mtoto hakui, leo mtoto na mwakani mtoto.

The Sims 2 lilipotoka Septemba 2004 ndipo watu wakaanza kukua na kuzeeka. Hapo sasa kukatokea jambo ambalo mimi naliona ndilo siri ya yote. Sim alikuwa anatoka ujana wa sekondari anaruka moja kwa moja kuwa mtu mzima. Leo anagombana na wazazi, kesho akizimiwa mishumaa ya keki tu tayari ni mtu mzima wa kazi na ndoa. Katikati hamna kitu. Machi 2005 ikatoka The Sims 2: University, nyongeza ya kwanza kabisa ya gemu hilo, ikaleta rika jipya la katikati. Rika hilo linapatikana chuoni PEKE YAKE. Asiyeenda chuo halioni, anaruka vile vile kama zamani.

Wenzangu tuliomaliza kidato cha sita tukabaki mtaani nadhani hapo mmenielewa.

Sasa chuo chenyewe kikoje. Vipo vitatu: Sim State, Académie Le Tour na La Fiesta Tech. Kozi ziko 11, kuna hisabati, fizikia, falsafa, uchumi, historia, sanaa, drama na nyinginezo. Masomo ni miaka 4, kila mwaka mihula 2, na kila muhula ni saa 72 za gemu. Piga hesabu: mihula 8 mara siku 3, siku 24 digrii mkononi! Ndani ya hizo saa 72 lazima uhudhurie darasa, usome, uandike ripoti, uingie mtihani, na wakati huo huo ule, uoge, ulale na upate marafiki. Presha yake si mchezo. Ukifeli muhula unawekwa chini ya uangalizi, ukirudia kufeli unafukuzwa. Kudisko kupo, wadau, tena bila sapu wala kukata rufaa.

Hosteli ndiko raha ilipo. Unakaa na wanafunzi wengine ambao huwaongozi wewe, wanapita pita, wanakula, wanafuma mambo yako. Mpishi yupo, chakula mezani. Vituko navyo ni vya Kimarekani kweli kweli: mtu amevaa vazi la llama anakimbia uwanjani kwa sababu ndiye nembo ya chuo, halafu kuna nyumba zenye majina ya herufi za Kigiriki ambazo lazima uombe kuingia. Kipo pia chama cha siri. Unatafuta watu wenye koti lenye alama ya llama, ukishafanya urafiki nao watatu basi usiku inakuja limuzini, unafungwa pingu, unapelekwa kusikojulikana. Mara ya kwanza nilidhani Sim wangu kakamatwa na polisi hehehe.

Maprofesa nao ni binadamu. Ukikaa nao vizuri, ukiwasifia, maksi zinapanda. Hilo sitoi maoni.

Digrii inafungua kazi 4 ambazo asiyesoma hazipati: msanii, mwanasayansi wa viumbe, mtafiti wa mambo ya mizimu, na burudani za jukwaani. Yule mwanasayansi akifika mbali anapewa mmea wenye kichwa cha ng'ombe unaotoa ulimi wenye keki. Ukiifuata keki unaliwa wewe. Nimepoteza daktari wa baadaye kwa ujinga huo.

Haya, tuje kwenye ada, maana najua ndipo roho zenu zilipo. Kwenye The Sims 2 ufadhili ni mwingi mpaka unashangaa. Ujuzi wako ukifika kiwango cha 8, iwe kupika au kufikiri au mazoezi ya mwili, kuna mfuko wako. Umefaulu vizuri sekondari, upo. Yatima ana wake. Hata mwenye asili ya viumbe wa anga ana wake, siwatanii! Unapiga simu ukiwa bado uko sekondari, unaomba, hela inaingia palepale unapokwenda chuo. Na kila mwisho wa muhula ukipata alama nzuri unaongezewa bumu. Hakuna "jina lako halionekani kwenye mfumo". Mimi nimeomba mara mbili mfululizo, ufaulu ninao, barua zote nimezungusha mihuri serikali ya mtaa, bado. Kwa hiyo nikimpigia simu Sim wangu akapata ufadhili ndani ya sekunde 3 huwa natulia kidogo kabla ya kuendelea.

Jambo lingine wengi hawalisemi. Ukiwa chuoni, muda wa nyumbani unasimama. Unamaliza miaka yote minne, unarudi, mama yuko vile vile ulivyomwacha, hajaongezeka hata unywele mmoja wa mvi. Na wewe mwenyewe huzeeki mpaka umalize au uache masomo. Kama kuna uongo mtamu kwenye hilo gemu ni huo, kuliko hata ufadhili.

Nyongeza zilizofuata nitazipitia haraka. The Sims 3: University Life ilitoka Machi 2013. Kozi zilikuwa 6 tu, kabla ya kuanza unafanya mtihani wa kupima kipaji, na chuoni kuna makundi matatu: wasomi, wanamichezo na waasi. Grafiki nzuri, ila kwenye kompyuta ya kafe inakwama kama daladala ya kupanda mlima. Rika la kijana lilikuwa limeshawekwa kwenye gemu kuu tangu 2009, kwa hiyo chuo hakikuwa tena mlango wa pekee, na mimi naona hapo ladha ilipungua.

The Sims 4: Discover University ikaja Novemba 2019. Vyuo viwili: Britechester, cha kizamani chenye majengo ya mawe, na Foxbury, cha teknolojia na maroboti. Digrii ziko 13, unahitaji kozi 12 kumaliza, unaweza kusoma ukitokea nyumbani, na mtu mzima au mzee pia anaruhusiwa kujiunga. Baiskeli zipo. Lakini kilichonishtua ni MKOPO. Sasa Sim anaomba kuingia, akikosa ufadhili anakopa, na deni linamfuata mpaka kazini. Kwa Marekani hilo si la kubuni, mwaka huo huo madeni ya elimu ya juu kwao yalikuwa yameshazidi dola trilioni 1.5. Kwa hiyo hata wao wenye gemu hawako kwenye ndoto tena kama ile ya 2005.

Kwa mtu anayetaka kuanza: The Sims 4 lenyewe ni bure tangu Oktoba 2022, ila nyongeza ya chuo unalipia. The Sims 2 limerudishwa sokoni Januari 2025 likiwa na nyongeza zake, University ikiwemo.

Halafu onyo la kafe, sikilizeni. Mashine nyingi za kafe zina programu ya kufuta kila kitu ikiwashwa upya. Mimi nilifika mwaka wa tatu, GPA safi, umeme ukakatika dakika moja tu... nikarudi nikakuta chuo hakina mwanafunzi. Kila ukimaliza kucheza nenda Documents, fungua EA Games, The Sims 2, chukua folda ya Neighborhoods uikopi kwenye flashi yako. Usimwachie mhudumu akuhifadhie, atakuambia sawa na hatafanya.

Yule dogo wa juzi nilimpisha kwenye kiti changu dakika kumi zangu za mwisho. Akaanzisha Sim wake, akampa jina la dada yake, akaniuliza udaktari uko wapi. Nikamwambia haupo humu, chukua baiolojia. Mimi kile cha mwaka wa tatu kilichofutika nimekianza upya jana, kozi ile ile, uchumi, La Fiesta Tech, chumba cha pembeni karibu na jiko. Wadau wa Sim State na Académie Le Tour jitokezeni hapo chini mseme nyie mlisoma nini, na waliodisko nao waseme ukweli.