Nani Alilipia Swali? Utafiti wa Afya Unguja Tangu Enzi za Masultani

Mwaka 1968 wapuliziaji dawa waliweka chini mabomba yao Unguja na Pemba. Kwa miaka kumi walikuwa wameingia nyumba kwa nyumba wakipulizia kuta, kwanza kwa dieldrini, kisha kwa DDT, katika mradi wa majaribio wa kutokomeza malaria uliosimamiwa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Kazi ilipoanza, vijidudu vya malaria vilikutwa katika damu ya zaidi ya asilimia 70 ya waliopimwa. Ilipofungwa, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10. Utawala ulibadilika katikati, Mapinduzi ya Januari 1964 yakapita, na mabomba yakaendelea kufanya kazi. Kilichoyanyamazisha ni kumalizika kwa mradi.

Malaria ikarudi. Wafadhili wengine, safari hii shirika la misaada la Marekani, USAID, walikuja mwaka 1981 wakiwa na DDT ileile. Mbu wa visiwani walikuwa wameshaanza kuihimili, na mradi huo nao ukafungwa katika miaka ya 1980 bila ushindi wa kudumu. Kati ya mradi na mradi kulipita miaka 13, na hapo ndipo penye uchungu. Maabara ndogo ya serikali, yenye watumishi wachache wa kunasa mbu na kuwajaribu kwa dawa kila msimu wa mvua, ingeweza kulijua tatizo hilo mapema, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na shehena za dawa zilizoshushwa bandarini.

Historia ya utafiti wa afya Unguja ina wajanja wengi na uvumbuzi wa kujivunia. Swali la nani analipa, na kwa muda gani, ndilo lililoamua nini kinachunguzwa na nini kinaachwa.

Hapo mwanzo mlipaji alikuwa jumba la kifalme. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyewahi kumtibu Sultani, alikuwapo mjini kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu. Alijiuliza kimepita wapi. Akazifuata habari za misafara ya bara na biashara ya pwani, akachora njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, na kutoka hapo kuvuka bahari. Kitabu chake kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki kilichapwa London mwaka 1876, na hadi leo wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wanakirejea. Hakuna ofisi iliyomwagiza kazi hiyo. Alipoondoka, hakuna aliyeajiriwa kuiendeleza.

Tajiri Tharia Topan, msimamizi wa forodha, alitoa fedha zake kwa jengo ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, wakati wa jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Jengo lenyewe, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ndilo Zahanati ya Zamani inayotazama bahari pale Mizingani. Ilikuwa sadaka kubwa, ila iliishia kwenye matibabu. Watu wenye huruma hulipia dawa kwa sababu mgonjwa wanamwona kwa macho yao. Mtu wa kulipia uchunguzi ni nadra kupatikana.

Utafiti wa kudumu wenye mshahara wa serikali ulionekana chini ya ulinzi wa Kiingereza, hazina ilipokuwa ikitegemea ushuru wa karafuu. Dakta W. Mansfield Aders aliajiriwa kuwa mtaalamu wa baiolojia wa serikali, akachunguza mbu, kupe na vimelea vya damu, na mwaka 1917 akachapisha maelezo ya wadudu wanaowadhuru binadamu na mifugo Zanzibar. Wengi wanamjua bila kujua: paa nunga, yule paa mdogo wa misitu ya Jozani, kisayansi anaitwa kwa jina lake. Vipaumbele vilikuwa vya mkoloni, hilo halina ubishi. Hata hivyo mkulima wa karafuu, bila kuulizwa, alikuwa analipia sayansi ya kisiwani mwake, na mtafiti alikaa miaka ya kutosha kuijua misimu yake.

Baada ya hapo visiwa viligeuka uwanja wa majaribio wa dunia. Ni rahisi kuelewa kwa nini: vina mipaka ya bahari, watu wa kutosha na magonjwa mengi ya nchi za joto. Matokeo mengine yalikuwa mazuri ajabu. Huko Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Zanzibar pamoja na mtafiti Chris Curtis na wenzake wa London walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zilielea zikafunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa pumzi na mbu wakakosa pa kutagia. Wanakijiji wakapewa na dawa za matende. Kazi ile ilionyesha kuwa dawa na udhibiti wa mbu hufaana. Mwaka 2001 Zanzibar ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kugawa dawa za matende kwa wakazi wake wote.

Mbung'o nao walitokomezwa Unguja. Kati ya 1994 na 1997 zaidi ya mbung'o dume milioni 8 waliohasiwa kwa mionzi, wakizalishwa Tanga kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, waliachiwa kutoka angani. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na ng'ombe wakaepukana na ugonjwa wa nagana. Mradi ule ulikwisha salama kwa sababu mdudu alikwisha naye. Mbu wa malaria hatoi nafasi hiyo.

Ndiyo maana awamu ya tatu ya vita dhidi ya malaria inastahili kutazamwa kwa makini. Mwanzoni mwa karne hii uchunguzi visiwani ulionyesha dawa ya klorokwini inashindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Serikali ikaibadilisha dawa mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji, na tangu mwaka 2008 hivi maambukizi yakashuka chini ya asilimia moja. Kipimo cha hapa hapa kiliongoza uamuzi wa hapa hapa. Lakini fedha nyingi zilitoka Mfuko wa Dunia na Marekani. Mwaka 2009 programu ya malaria ya Zanzibar ilitoa tathmini ya wazi: kutokomeza kunawezekana kitaalamu, ila utekelezaji ni mgumu na unahitaji fedha za uhakika kwa miaka mingi. Miaka mitatu baadaye watafiti walikusanya visa 75 vya malaria kurudi duniani tangu miaka ya 1930. Katika visa 68 programu za udhibiti zilikuwa zimelegea, na sababu iliyotajwa zaidi ni ukosefu wa fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha USAID ikavunjwa.

Kisheria Zanzibar ipo mahali pa pekee. Afya si jambo la Muungano. Lakini utafiti ni jambo la Muungano, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ya mwaka 1979, imejengeka zaidi Bara. Visiwani ipo Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, na kwa Pemba ipo maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Waitaliano. Jaribio la vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wa Pemba, lililochapishwa mwaka 2006, lililazimisha Shirika la Afya Duniani kubadili ushauri wake kwa maeneo yote yenye malaria kali.

Kipimo cha uwekezaji wa nyumbani kinajulikana tangu mwaka 1990, tume ya kimataifa ya utafiti wa afya ilipopendekeza asilimia 2 ya matumizi ya afya ya nchi iende kwenye utafiti. Mawaziri wa Afrika walilirudia pendekezo hilo Algiers mwaka 2008. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanapoijadili bajeti ya Wizara ya Afya pale Chukwani, fungu hilo ndilo la kuulizwa kwa jina: ni kiasi gani kinatoka hazina ya Zanzibar, kinamlipa nani wa kunasa mbu na kupima damu, na je, ataendelea kulipwa mwaka ambao hakuna mfadhili?