Bill yuko wapi?

Mwaka 2013 wazee wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Birmingham, Uingereza, walitoa albamu 13. Tangu 1978 Ozzy Osbourne hakuwa amerekodi nao albamu nzima studio. Mashabiki waliigombania; kwao Uingereza ilishika namba moja, mara ya kwanza tangu Paranoid ya 1970. Tony Iommi alipiga gitaa huku akitibiwa saratani.

Lakini jamani, Bill Ward? Hawakuelewana naye juu ya mkataba, dramu akapiga Brad Wilk. Mashabiki tukagawanyika, mimi nikiwa kwa wanung'unikaji. Wilk yuko sawa, ila Ward hupiga kama mtu anayepepesuka asianguke.

Tarehe 5 Julai 2025, Birmingham, waanzilishi wote wanne walikuwa jukwaani, Ozzy amekaa kitini. Siku 17 baadaye akafariki.