Kioo kinachogeuka buluu, na wolframu tunayoijua kwa magunia

Sisi huku mashariki wolframu tunaijua kwa magunia. Inatoka Kivu na Maniema, inapimwa kwa kilo, inapakiwa, inaenda. Kule inakoenda, sehemu kubwa inatengeneza vyuma vigumu vya kukatia na kutobolea. Lakini kuko kazi nyingine ndogo ambayo historia yake inanivutia sana: dirisha linalojitia giza wakati jua ni kali.

Mwaka 1969, Satyen Deb, mtafiti wa kampuni ya American Cyanamid huko Marekani, alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya wolframu unageuka buluu ukitiwa umeme, kisha unaweza kurudishwa kuwa wazi. Madirisha hayakuwa shida yake. Alikuwa anatafuta njia mpya ya kutengeneza picha kwa umeme.

Juu ya nini basi ikafika dirishani? Juu ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, bei ikapanda karibu mara nne, na nchi tajiri zikaanza kuhesabu joto linalopotea kwenye vioo vya nyumba. Watu wakatengeneza vioo vyenye utando wa fedha unaopitisha mwanga na kurudisha joto. Ila utando huo haubadiliki, asubuhi na mchana ni ule ule. Mwaka 1984, huko Sweden, Svensson na Claes-Göran Granqvist wakaandika kwamba oksidi ya wolframu inaweza kutumika kwenye madirisha ya kuokoa nishati.

Kazi yake iko hivi. Kuko tabaka tano. Mbili za nje zinapitisha umeme, na mara nyingi ni oksidi ya indiumu na bati, ile bati inayotoka katika kasiteriti. Katikati kuko oksidi ya wolframu, elektroliti, na tabaka la kutunza ioni. Ukitia volti chache, ioni za lithiamu na elektroni zinaingia kwenye wolframu, kioo kinakuwa buluu. Ukigeuza umeme, zinatoka. Ni kama betri ambayo unaona ng'ambo yake.

Nimepiga hesabu. Utando wa nanomita 400 kwenye mita moja ya mraba unachukua oksidi isiyofika gramu 3. Kilo moja tu inafunika zaidi ya mita za mraba 300! Kwa hiyo thamani ya kioo kile haiko kwenye uzito wa madini. Iko kwenye ile miaka 15, toka 1969 mpaka 1984, ambamo watu waliendelea kuuliza kitu kimoja kinaweza kufanya nini kingine.

Mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank ya Marekani ilitaja bati, tantali, wolframu na dhahabu za kwetu, sababu ya vita. Ndivyo dunia inavyoyajua madini yetu, na sisi wenyewe tunayajua kwa bei. Nani kati yetu alishafundishwa kemia yake?