Hospitali Teule: Kanisa na Serikali katika Huduma Moja

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shule na hospitali nyingi za vijijini zilikuwa mikononi mwa misheni. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, lilirithi kazi hiyo.

Mwaka 1969 serikali ilitwaa shule za misheni. Kwa hospitali ilichaguliwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 ulianza utaratibu wa Hospitali Teule: wilaya isiyokuwa na hospitali ya serikali ilitumia ile ya Kanisa. Serikali ilitoa ruzuku ya mishahara na uendeshaji. Kanisa likabaki na umiliki na usimamizi. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini hati ya makubaliano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kuyasimamia kwa niaba ya makanisa.

Hata hivyo, ubia huo haukuwa mwepesi. Ruzuku huweza kuchelewa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji. Pengo hilo lilizibwa kwa misaada ya makanisa rafiki, sadaka za washarika na ada za wagonjwa, na ada hizo ziliwalemea zaidi maskini, ambao ndio hospitali zilijengwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo palipo kipimo cha ubia wenyewe. Hati hutiwa saini mjini, lakini hutimizwa kitandani pa mgonjwa kijijini. Sadaka ya washarika iliongezea wajibu wa serikali, kamwe haikuufuta.