Mimea ya Dawa na Mafuta ya Damu kwa Wenye Kisukari



Katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe, mwenye kisukari huwa na dawa za namna mbili: vidonge alivyopewa hospitalini, na chupa ya maji ya majani au magome aliyoletewa na ndugu. Mara nyingi daktari haambiwi habari za chupa, wala mganga haambiwi habari za vidonge. Tunaandika makala hii ili viwili hivyo visifichane, hasa katika jambo ambalo wagonjwa wengi hulisahau kwa kuhesabu sukari peke yake, nalo ni mafuta yaliyomo katika damu.

Kisukari na mafuta

Insulini haishughuliki na sukari tu. Huzuia pia mafuta ya akiba yasitoke ovyo mwilini. Inapopungua, au mwili unapoacha kuitii, mafuta hayo huachiliwa na kufika katika ini, nalo ini huyageuza kuwa trigliseridi na kuzipeleka katika damu. Trigliseridi hupanda, lehemu njema (HDL) hushuka, na chembe za lehemu mbaya (LDL) huwa ndogo zaidi, zenye kupenya kwa urahisi katika kuta za mishipa. Miaka ikipita, mishipa huziba. Ndiyo maana wengi wa wenye kisukari hufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi.

Mafuta haya hayaumi. Mtu aweza kulima, kutembea hadi kanisani na kuimba kwaya huku mishipa yake ikiziba. Kwa hiyo kujisikia vizuri baada ya kunywa dawa fulani si ushahidi kwamba mafuta yamepungua. Ushahidi ni kipimo cha damu.

Tatizo hili limekua mbele ya macho yetu. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban 9 katika kila 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na takriban robo ya watu wazima walikuwa na lehemu iliyozidi.

Mimea si adui wa hospitali

Metfomini, kidonge kinachotumiwa sana na wenye kisukari, ina chimbuko lake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Dawa za kundi la statini, zinazoshusha lehemu, zilianzia katika kuvu aliyochunguza Akira Endo wa Japani katika miaka ya 1970. Lakini kati ya mmea na kidonge kulikuwa na kazi ndefu: kutenga kiini kinachofanya kazi, kujua kiasi chake, na kuona madhara yake.

Nchini mwetu kazi ya namna hiyo inaendelea katika Taasisi ya Tiba Asili iliyopo Muhimbili, ambayo mwanzo wake ni kitengo cha utafiti kilichoundwa mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga.

Mimea inayotajwa sana

Uwatu. Mbegu zake zina utembo unaovimba majini na kunasa nyongo tumboni. Ini hulazimika kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Majaribio madogo kwa binadamu yameonyesha kushuka kwa sukari na mafuta, ingawa kwa kiasi.

Kitunguu saumu. Hushusha lehemu kidogo kwa wale ambao lehemu yao imezidi. Lakini hupunguza pia kuganda kwa damu. Anayetumia wafarini, au anayesubiri upasuaji, amweleze daktari.

Mlonge. Majani yake ni mboga bora. Yameshusha mafuta katika wanyama wa maabara, lakini majaribio kwa binadamu ni machache na madogo.

Mzambarau na mwarobaini. Mbegu za mzambarau na majani ya mwarobaini hutumiwa zaidi kwa ajili ya sukari. Mwarobaini usitumiwe na mama mjamzito, na mafuta ya mbegu zake ni sumu kwa watoto wadogo.

Shubiri. Maji yake ya manjano yaliyo chini ya ganda huharisha na kupoteza chumvi ambazo moyo unazihitaji.

Ushahidi mwingi kuhusu viini vya mimea hutoka kwa panya waliotiwa kisukari kwa kemikali. Hapa tuwe waangalifu. Panya hana kibofu cha nyongo, na sehemu kubwa ya lehemu yake husafiri katika HDL, tofauti na yetu. Mmea uliomfaa panya unastahili kuchunguzwa zaidi. Haujastahili kuchukua nafasi ya dawa ya mgonjwa.

Hatari ya kuchanganya kimya kimya

Chupa mbili za mmea uleule hazina nguvu sawa: udongo, msimu, umri wa mti na muda wa kuchemsha hubadilisha yote. Mgonjwa anayetumia glibenklamidi au insulini, akiongeza mmea unaoshusha sukari, aweza kuishiwa sukari usiku na kupoteza fahamu. Mwenye figo dhaifu hudhurika upesi zaidi. Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha vidonge kwa ahadi ya kupona kabisa.

Kanisa linafundisha nini

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa katika ardhi, na mwenye busara hazidharau. Sura hiyohiyo inatuagiza kusali tunapougua, na pia kumpa tabibu nafasi yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inautaja uzima na afya kuwa zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu. Namba 2117 inaonya kwamba tiba za kienyeji hazihalalishi kuita nguvu za uovu wala kutumia vibaya wepesi wa watu kuamini. Basi jani si dhambi. Ramli ni dhambi, na kumdanganya mgonjwa ili kupata fedha zake ni dhambi.

Tunalolishauri

Mwenye kisukari aombe kupimwa mafuta ya damu, walau mara moja kwa mwaka, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au kituo atakachoelekezwa. Aende na chupa yake, amwambie daktari bila aibu ni mmea gani, sehemu gani na kiasi gani. Asipunguze vidonge kwa uamuzi wake. Akikubaliwa kutumia mmea, apimwe tena baada ya miezi mitatu, na matokeo yaamue. Ale mboga za majani na kunde, apunguze mafuta ya kukaangia na vinywaji vya sukari, na atembee kila siku.

Wanaochuma dawa katika misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu wafuate taratibu za hifadhi, wala wasibandue gome kuzunguka shina lote, kwa maana mti huo hufa na mgonjwa wa kesho hukosa.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tunapomtembelea mgonjwa wa kisukari na kusali naye, tumwulize pia kwa upole: je, daktari wako anajua unachokunywa? Swali hilo nalo ni tendo la huruma.