Rafu ya mbao ya kanda na CD: vipimo na namna ya kuiunda nyumbani

Katika nyumba nyingi za kwetu Pwani kuna boksi juu ya kabati ambalo halifunguliwi. Ndani yake mna kanda za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilizotoka Mbwana Radio Service pale Mombasa, mawaidha ya Ramadhani za zamani, na ile ya harusi ambayo marehemu bibi anasikika akipiga vigelegele. Nyimbo za wasanii wakubwa huenda zikapatikana kwengine. Ya harusi ni moja tu, na boksi la karatasi ni chakula cha mchwa.

Rafu ya kuzihifadhi yaweza kuundwa kibarazani kwa futi, guni, msumeno, patasi, nyundo, keekee, bisibisi na msasa.

Anza kwa kupima vitu vyenyewe. Kasha la kanda lina urefu wa milimita 109, upana 70 na unene 17. La CD ni 142 kwa 125, unene 10. La DVD ni 190 kwa 135, unene 14 au 15. Kwa hivyo ubao wa inchi 6 kwa inchi 1, ambao ukisharandwa hubaki kama sentimita 14.5 kwa 2, unatosha vyote vitatu.

Kuhusu mti wenyewe, mbambakofi na mvule ni miti ya milango ya wazee wetu na bei yake mnaijua. Mwarobaini ndio chaguo langu: mchwa hawaupendi na unapatikana karibu, ingawa hupinda usipokaushwa vizuri. Mwembe ni rahisi lakini dumuzi huumaliza. Zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa ziacheni dukani; unyevu wa masika ukiziingia huvimba na hazirudi. Mbao mbichi zipangeni kivulini, vijiti vikiwa kati yake ili hewa ipite, wiki kadhaa kabla ya kukata. Miezi ya kaskazi ndiyo mizuri kwa kazi hii.

Kata mbao mbili za ubavuni, sentimita 100 kila moja, na saba za kulala, sentimita 61.2. Jumla ni mita 6.3 hivi, nunua futi 24 kwa sababu ya mafundo na makosa ya msumeno. Nafasi kutoka chini: moja ya sentimita 20.5 kwa DVD, mbili za 14 kwa CD, tatu za 12.5 kwa kanda. Ukijumlisha na unene wa mbao saba unapata mita moja kamili.

Laza mbao mbili za ubavuni pamoja, ncha kwa ncha, uzichore kwa guni kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: kila upande ukipimwa peke yake, rafu hutoka imeinama. Chonga mifereji kwa patasi, upana sawa na unene wa ubao, kina milimita 6. Jaribu kwanza bila gundi. Ukishatia gundi, pima kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, rafu iko mraba. Kisha kaza skrubu mbili kila ncha.

Kwenye nafasi za kanda, pigilia kijiti sentimita 7.5 kutoka mbele, ili kanda zisizame nyuma. Mgongo wa rafu usizibwe. Badala yake funga mibao miwili ya mlalo, unene sentimita 2.5, juu na chini, ili rafu isigusane na ukuta. Wazee wa Lamu na Pate walipamba vyombo vya kaure katika zidaka, lakini kaure haioti ukungu. Kanda huota.

Vanishi ipakwe kote, hata ncha na mgongo. Subiri wiki mbili harufu iishe.

Rafu ikijaa hupita kilo 30, nayo hubeba kanda 102, CD 110 na DVD 40. Iangikwe, isikae sakafuni ambako mchwa hutokea. Kuta za matumbawe na chokaa hudanganya: skrubu ikiishia kwenye chokaa itachomoka, basi iwe ndefu ifike kwenye jiwe. Epuka ukuta unaopigwa na mvua ya kusi, dirisha la jua, na ukuta wa choo.

Kanda zisimamishwe wima, zikiwa zimerudishwa hadi mwanzo, mbali na spika kwa sababu sumaku hufuta sauti. Yenye ukungu mweupe isichezwe wala isipangwe na wenzake. Iwekwe kando mpaka apatikane anayejua kuisafisha.